Polikarpo wa Yakobi na AC Yake

Ukikutana Njombe na mtu anayekwambia AC ya gari lake ni nzima, mwulize amejuaje. Hapa mwezi wa saba watu wanavaa makoti mawili, la tatu wanalibeba mkononi wakihofia jioni. Mtu akinunua gari kutoka Dar es Salaam, kabla hata hajalipeleka kanisani kubarikiwa, analipeleka kwa fundi na kumwambia, "Toa huo mkanda wa AC, unakula mafuta bure." Fundi anautoa. Mwenye gari anaondoka akiona amekuwa mjanja, na mji mzima unaamini hivyohivyo.

Polikarpo Haule naye alifanya hivyo. Alinunua Corolla nyeupe mwaka aliostaafu, na wiki ileile mkanda ukatoka. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, akautumia kufungia mlango wa banda la ndama. Ulikaa hapo miaka kumi na miwili, ukapigwa na mvua na kutafunwa na ndama wanne kwa zamu.

Alikuwa Mpangwa wa upande wa Lugarawa. Akiwa na miaka ishirini alianza kuosha magari ya mapadre, kisha padre mmoja Mtaliano akamfundisha kuendesha huku akimgombeza kwa lugha tatu. Baada ya hapo aliendesha Landkruza ya misheni miaka thelathini na minne. Kabla ya lami, njia ya kutoka Ludewa kuja Njombe wakati wa masika haikuwa njia, ilikuwa uji. Polikarpo alipita humo na saruji, na wagonjwa, na maiti, na nguruwe wa masista, na mara mbili na akina mama ambao hawakuweza kungoja hospitali. Mtoto mmoja kati ya wale waliozaliwa garini alikuwa msichana, wakamwita Polikarpa, maskini. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupindua gari wala kugonga mtu, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Alipostaafu akahamia kijiji cha Yakobi na mkewe Dorika, wakalima mahindi na viazi na kupanda miparachichi michache. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hakusema mkulima. Alisema dereva. Jumapili aliwapeleka misani wazee watatu wa jirani, wanawake wote, wenye magoti mabovu na midomo mizima. Siku za kazi, mtu akizidiwa popote pale kitongojini, mlango uliogongwa ulikuwa wa Polikarpo. Alikuwa akitoka na funguo tayari mkononi kabla hujamaliza kueleza nani anaumwa. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake, na aliificha vibaya sana.

Sasa kisa cha baiskeli. Jumapili moja ya mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka usawa wa magoti. Ndani ya gari walikuwa watano, wote wamejifunika, wote wanapumua, na wale watatu wa nyuma wanaimba kujiandaa. Vioo vikashika mvuke. Polikarpo alifuta kwa kitambaa, akafuta kwa mkono wa koti. Tayari nyumbani alikuwa amekisugua kile kioo cha mbele kwa kipande cha kiazi kibichi, dawa ambayo kila dereva wa huku anaijua na haijamsaidia yeyote. Alipokata kona kuingia uwanja wa kanisa, akaigonga nguzo ya geti pamoja na baiskeli iliyoegemezwa hapo. Ilikuwa ya katekista Mika. Mika mwenyewe alikuwa hatua tatu pembeni, ameinama anafunga kamba za viatu.

"Kioo," alisema Polikarpo aliposhuka. "Kioo kimeshika mvuke. Sikuona kitu."

Wale wazee watatu walimtetea mbele ya watu wote. Walisema kweli, gari lilikuwa limejaa mvuke kama jikoni. Baadaye, wakiwa jikoni kwao hasa, wakasema nguzo waliiona wote, wakadhani na yeye anaiona. Maneno hayo yalishuka hadi Makambako kwa kasi ambayo basi halijawahi kuifikia.

Makambako ndiko alikokuwa Stella, mtoto wao wa kwanza, muuguzi katika kituo cha afya. Jumamosi iliyofuata akapanda kuja. Alisalimia, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kufungua mdomo. Polikarpo akajua mambo si mazuri.

"Baba, nataka ukapimwe macho."

"Macho hayana kitu. Ni kioo."

"Hata kikiwa kioo, kupimwa kunakupunguzia nini?"

"Wakishaniingiza kwenye kile chumba, watatafuta mpaka wapate ugonjwa. Ninyi ndiyo kazi yenu."

Stella hakucheka. "Mika angekuwa ameegemea baiskeli yake leo tungekuwa tunaongea nini?"

Polikarpo hakulipenda swali hilo. Alitoka nje akaenda kulizunguka gari, akalipiga magurudumu mateke mawili matatu, kisha akarudi na neno alilolipata huko. Akasema kioo kina dawa yake, na dawa ni AC. Yule padre wake Mtaliano alikuwa akiiwasha kwenye mvua na ukungu, na kioo kilikuwa kikitakata kama kimepigwa pasi. Yeye wakati huo aliona ni wazimu wa kizungu. Padre akisinzia tu, Polikarpo alikuwa akiizima ili kuokoa mafuta ya misheni.

"Nitaitengeneza," alisema. "Mwenyewe, hapahapa nyumbani. Halafu tutaona nani anaumwa, mimi au gari."

Stella alimtazama mama yake. Dorika alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso.

"Sawa," Stella akasema. "Itengeneze. Ukungu ukishuka siku yoyote, mpakie mama, mje Makambako asubuhi hiyohiyo. Ukifika kwangu unaendesha kama zamani, sitasema tena mpaka nife. Ukishindwa, funguo unanipa mimi, na kwa daktari unakwenda. Umekubali?"

"Nimekubali hata kabla hujamaliza," alisema Polikarpo.

Fundi wa AC Njombe? Aliulizia gereji tatu, na zote tatu zilimpa jibu moja: wao wanajua kuzitoa. Hatimaye akapewa namba ya Enoki Sanga, Mkinga wa Makete, fundi friji wa Makambako. Makambako ni njia panda, na magari yanayoteremka kwenda kwenye joto la Dar es Salaam yanapita hapo. Wenye magari hukumbuka AC zao wakiwa hapo, hawajatoka bado kwenye baridi, na Enoki ndiyo kula yake.

Alikuja kwa basi, amevaa jaketi mbili, na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na mashine ya friji kuukuu aliyoikaza juu ya ubao kwa bolti nne na kuifungia waya wa umeme.

"Kamwene, mzee! Miaka kumi na minne nafanya kazi hii," alisema akilitazama lile gari, "na wewe ndiye wa kwanza kuniita huku juu kwa AC. Unaumwa joto?"

"Wewe fanya kazi."

Enoki akafungua boneti, akacheka. Mkanda haukuwepo, hilo alilitegemea. Akafunga geji yake kwenye bomba, na mshale haukutikisika. Gesi yote ilikuwa imekwisha kwenda zake, mwaka gani hakuna anayejua.

"Mnaijua shida yenu ninyi watu wa Njombe?" alisema. "Mnafikiri kitu kisipotumika kinapumzika. Ndani ya hii kompresa, mashine inayosukuma gesi, mna oili, na oili inatembea na gesi. Ukiwasha hata dakika kumi kwa wiki, sili, ile mipira inayozuia gesi isitoke, zinalainika. Usipowasha zinakauka kama ngozi ya mbuzi juani, gesi inatoka taratibu. Mkanda mliutoa kuokoa mafuta, mkaua kila kitu."

Polikarpo mwenyewe alikuwa amewashauri watu wasiopungua ishirini watoe mikanda yao.

Ili kujua gesi ilivujia wapi ilibidi kujaza upepo kwanza. Enoki akachomeka ile mashine ya friji kwenye umeme wa sebuleni, ikaanza kunguruma na kusukuma hewa kwenye mabomba. Dorika alikoroga sabuni kwenye kikombe mpaka ikawa povu, wakalipaka kwenye kila kiungo. Kwenye unyevu wa povu, hewa inayovuja hutoa mapovu madogo.

"Pale, mzee," Enoki akaonyesha. "Mbele ya kompresa. Linachemka, unaliona?"

"Naliona," alisema Polikarpo.

Aliinama, akalowanisha kidole kwa mate, akakipitisha polepole kuzunguka shingo ya kompresa mpaka kikapata ule upepo mdogo. Hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Enoki alisema kompresa ile haifai kuhangaika nayo, atamletea nyingine iliyotumika. Polikarpo akakataa. Kama kilichokauka ni sili, basi ibadilishwe sili, na ataibadilisha yeye. Enoki aache maelezo na arudi siku ya kujaza gesi.

Kazi ilichukua siku tisa. Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Makambako, vimefungwa kwenye mfuko wa unga: sili mpya, oringi za mpira za viungo vyote, chupa ya kukaushia unyevu, oili, na mkanda. Polikarpo alilala chali chini ya gari juu ya magunia, akifungua kompresa kwa kupapasa. Dorika alikaa kwenye kigoda na beseni la bolti mapajani.

"Nipe kumi na mbili."

Dorika alizigeuza spana, akasoma namba, akampa kumi na mbili.

"Kumi na nne."

Akampa kumi na nne. Siku zote tisa spana alizisoma yeye. Hakuuliza kwa nini dereva wa miaka yote hiyo asizitambue spana zake, na Polikarpo hakueleza. Kulikuwa na pini moja ya mviringo, nyembamba kama uzi, inayoshikilia sili ndani ya shingo. Aliitoa na kuirudisha amefumba macho. Alisema hivyo ndivyo mafundi wa kweli wanavyofanya. Alifurahi siku ile, akaimba, na Dorika alimwacha aimbe.

Enoki aliporudi, aliikagua ile kazi kwa muda mrefu akitafuta kosa, akakosa. Akaichomeka tena ile mashine ya friji, safari hii akaigeuza iwe inafyonza, ili kutoa hewa na unyevu wote kwenye mabomba. Akaizima na kuuacha mshale wa geji ukae. Wakaingia ndani wakala viazi na maharage. Walipotoka, mshale ulikuwa palepale, hakuna kinachovuja. Enoki akafungulia gesi, Polikarpo akawasha injini, na bomba moja likaanza kutoa jasho. Dorika aliweka mkono mbele ya tundu la hewa, akautoa upesi.

"Mnatafuta baridi nyingine?" alisema. "Hii iliyoko nje imewapungukia nini?"

"Unachanganya na hita, mama," Enoki akamweleza. "AC inakausha hewa, hita inaipasha moto. Vyote viwili pamoja. Kioo kitakuwa kikavu mpaka ushangae."

Ukungu wa kufaa ulishuka Alhamisi ya pili ya mwezi wa saba. Polikarpo aliamka, akachungulia dirishani, akaona kweupe tupu, akafurahi. Saa moja asubuhi walikuwa garini, Dorika na blanketi lake na ndoo ya viazi vya kumpelekea Stella. Waliwasha AC na hita kama walivyoelekezwa. Kioo kilichokuwa cheupe kilianza kufunguka kutoka chini, kikaendelea kupanda, na kabla hawajafika barabara kuu kilikuwa kimefunguka chote. Dorika alikipitishia kiganja kwa ndani. Kiganja kikatoka kikavu.

"Eeh, Baba Stella," alisema, na alikuwa anamsifu kwa dhati. "Umeweza."

Mabega yalimpanda Polikarpo. Alipita mjini polepole, taa zimewaka, akifuata taa nyekundu za lori la mbao lililokuwa mbele. Kufuata taa ni kazi aliyoijua. Alipita Kibena. Lori likakata kona likaingia kwenye kiwanda, akabaki na barabara peke yake. Hapo akapunguza mwendo, akasogeza kifua karibu na usukani. Alishika ule mstari wa pembeni wa lami kwa ukingo wa jicho, ukimpotea anapunguza, ukirudi anaongeza. Nyuma yake kukatokea honi. Basi likampita kwa hasira, halafu gari dogo, halafu pikipiki iliyobeba magunia mawili.

"Vichaa," alisema. "Watakufa hawa, na ukungu wote huu."

Walitambaa hivyo kwa kitambo, mwanga ukizidi kuwa mweupe na mkali. Polikarpo alikuwa akikunja uso na kutokwa jasho, hita akaipunguza. Pikipiki nyingine ikawapita. Dorika alikuwa amelivua blanketi na kulikunja mapajani.

"Baba Stella, mbona tunakwenda hivi?"

"Huoni ukungu?"

Dorika alitazama mbele, akatazama pembeni kwake, kisha akamtazama mume wake.

"Ukungu upi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

Polikarpo aliendelea kuendesha kama mita hamsini hivi. Kisha akawasha indiketa, akatoka pembeni ya lami, akasimama vizuri, magurudumu yote manne nje ya barabara kama alivyofundishwa. Hakuzima injini. AC ilikuwa inapuliza sawasawa.

"Uliisha wapi?"

"Palepale lori lilipokata kona. Kuna jua, Baba Stella. Jua limetoka kabisa."

"Gusa kioo."

Akakigusa. "Kikavu."

"Kwa nje?"

Akafungua mlango, akashuka, akapitisha khanga kwa nje, akairudisha na kuigeuza mbele yake. "Safi."

"Sasa niambie unaona nini. Mbele huko. Vyote."

Dorika akamwambia. Kulikuwa na mwanamke ameanika mahindi kwenye turubai. Kulikuwa na kibao cha shule, akamsomea jina. Kulikuwa na ng'ombe wawili, mmoja na baka jeusi mgongoni, na mtoto wa sare ya bluu anavuka barabara, bado hajafika upande wa pili. Polikarpo alikodoa macho kumtafuta yule mtoto. Aliona mwanga, na ndani ya mwanga, mwanga mwingine. Hapo akaogopa, hofu ambayo hakuipata hata siku za matope ya Ludewa na mzazi akilia nyuma. Hakuiogopea nafsi yake. Alifikiria Jumapili zote za tangu mwaka juzi, na wale wanawake watatu wakiimba.

"Ameshavuka?" aliuliza.

"Ameshavuka."

Akazima injini. Akatoa simu, akaitazama, akampa mkewe ampigie. Stella alipokea mlio wa kwanza ukiwa haujaisha. Alikuwa ameshika simu tangu alfajiri.

"Baba, mmefika wapi?"

"Tumevuka Kibena kidogo. Tafuta mtu mwenye leseni, uje naye."

"Gari limeharibika?"

"Gari halina kosa," alisema Polikarpo. "Na kioo hakina kosa. Yule daktari wako anapima siku gani?"

Stella akasema Jumatatu na Alhamisi, na kwamba leo ni Alhamisi, na kwamba anakuja sasa hivi, wasitoke walipo. Hakusema neno lolote juu ya mkataba wao, na Polikarpo alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Dorika alitaka wabaki kama walivyo mpaka Stella afike. Polikarpo akakataa. Alichomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mkewe, akamwambia ahamie nyuma na viazi vyake. Akashuka, akazunguka mbele ya gari akiishika boneti kwa mkono, akafungua mlango wa kushoto. Miaka kumi na miwili alikuwa na gari lile na hakuwahi kukaa upande huo. Magoti yakagonga dashibodi. Alipapasa pembeni, akapapasa chini, akitafuta kiti kinarudishwa vipi nyuma, akakosa, mpaka Dorika alipoinama kutoka nyuma na kuupeleka mkono wake penye kishikizo.